Mgeni Asiye na Viatu

Kalazwa kitanda kipya, kavishwa nguo mpya, wageni wamemjaa sebuleni wanakunywa kahawa yake na kucheza karata, lakini miguuni hana viatu. Nani huyo?

Fikiri taratibu, usikimbilie. Si bwana harusi, maana bwana harusi halazwi. Si mtoto mchanga, maana wageni wa mtoto mchanga hawachezi karata. Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe mji mkubwa, sina kazi nao. Nipe San Pablo, mji wa maziwa saba, ambako ukirusha jiwe lisipoangukia ziwani litaupiga mnazi. Umenipa? Haya, nimekwenda, nimekula, nimeshiba, na jibu lako nimekuletea: ni maiti.

Maiti wetu aliitwa Ising. Alikuwa amelazwa sebuleni kwake siku ya tatu, gauni la buluu, nywele zimechanwa vizuri, jeneza lina kioo juu ili watu wamtazame. Miguu ilikuwa mitupu. Maiti havishwi viatu, kwa sababu akiamua kuinuka na kutembea viatu vitagonga sakafu na wenye nyumba watamsikia. Hakuna aliyewahi kuuliza lipi baya zaidi, kumsikia au kutomsikia.

Pembeni ya jeneza alikaa Salud, mwanamke wa miaka sitini na miwili, mikono imemkauka kwa kazi. Yeye na Ising waliitana mare, maana Salud ndiye aliyemsimamia mwana wa Ising siku ya ubatizo. Pamoja na wenzao wawili, Bebang na Pacing, walimenya nazi kiwanda kimoja miaka thelathini na mmoja, kisu mkono wa kulia, nazi mkono wa kushoto, wakiondoa ile ngozi ya kahawia mpaka nazi ibaki nyeupe. Kiwanda kilipofungwa hawakuachana. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi wanne hao walikwenda kula nje, mahali popote penye wali wa kuongezwa.

Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya kwanza.

"Kafa Jumanne, kaniharibia Alhamisi," Bebang alinong'ona, akipenga kamasi. Bebang alikuwa mnene, mjane, mwenye mdomo usiolala. "Angengoja siku mbili tu. Huyu tangu kiwandani hakuwa na subira."

"Nyamaza, atakusikia," Pacing alimwambia. Pacing alikuwa mwembamba na rozari haikumtoka mkononi.

"Asikie. Anajua nampenda."

Salud hakucheka. Kila mara alitazama saa ya ukutani. Nyumbani alikuwa na mkwe wake, Luningning, mimba ya miezi tisa. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na ya pili ilitoka wiki ile ile mjomba wa Luningning alipokuja kwao moja kwa moja kutoka msibani, hakupita popote, akaketi kando yake kitandani akimwambia pole. Salud aliona kwa macho yake, hakusimuliwa. Luningning hakuwa na mama. Alikwisha kumwambia Salud, "Mama, usipokuwapo chumbani mimi sitasukuma." Na Rodel, mwana wa Salud na mume wa Luningning, alimsihi mama yake asiende kabisa kwa Ising.

"Miaka arobaini nimekula naye sahani moja," Salud alimjibu. "Nitakwenda, nitajikung'uta vizuri, na saa kumi nitakuwa hapa, safi."

Ndivyo inavyofanywa. Ukitoka msibani huendi kwako moja kwa moja. Unapita mahali pengine kwanza, penye watu na vyungu vinavyochemka, unakaa, unatia kitu tumboni. Marehemu, kama kakufuata, anaduwaa na kelele, anabaki hapo, nawe unaondoka peke yako. Huko ndiko kujikung'uta. Na msibani huagi wala husindikizwi. Unainuka tu unakwenda.

Saa nane na nusu Pacing aliinuka. Bebang akainuka. Salud naye akainuka, akainama juu ya kioo amtazame Ising mara ya mwisho. Midomo ilipakwa rangi ambayo Ising asingeikubali hata kwa dawa. Salud alitaka kusema mare, pumzika. Lakini mdomo una mazoea yake, na mdomo wa San Pablo haujui kumpita mtu ukiwa unakwenda kula bila kumkaribisha. Hata kondakta wa basi anakaribishwa. Hata mdai wako. Naye aliyekaribishwa hucheka akasema asante, nimeshiba, na mambo yakaishia hapo.

"Haya mare," Salud alisema. "Twende tukale."

Alisikia maneno yakimtoka. Akafunga mdomo kwa mkono. Akatazama nyuma: wacheza karata walikuwa na karata zao, mume wa Ising alikuwa akimwaga kahawa kikombeni. Hakuna aliyesikia. Ni maneno tu, alijiambia, ni pumzi tu. Lakini aliye hai anajua kukataa. Ising pale chini ya kioo hakusema asante, nimeshiba.

Mkahawa wa karibu ulikuwa kando ya ziwa, mwendo wa dakika kumi. Ulikuwa wa mianzi, vibanda vitano juu ya nguzo ndani ya maji, kila kibanda na meza yake, na daraja la mianzi la kuviunganisha. Mvua ilikuwa inanyesha, nyembamba, isiyo na haraka. Walikwenda kwa mwavuli mmoja, Pacing katikati, Bebang upande huu, Salud upande ule. Njiani Bebang alisema, "Salud, mbona unatembea kama unampa mtu nafasi?"

Salud akajikuta kweli bega lake la kushoto liko nje ya mwavuli, limelowa chepechepe, na kati yake na Pacing pana nafasi ya kumtosha mtu.

Mwenye mkahawa, Aling Candeng, aliwapokea mwanzoni mwa daraja. Mzee kuliko wao, kitambaa kichwani, macho ya mtu aliyekwisha kuona wateja wa kila namna. "Mnatoka kwa marehemu," alisema, wala hakuuliza.

"Imeandikwa usoni?" Bebang akasema.

"Mnanuka mishumaa, mwanangu. Nusu ya wateja wangu ni wa kujikung'uta. Msiba ukiwa mzuri nami nauza vizuri." Akawatangulia mpaka kibanda cha mwisho, kilichokuwa mbali na nchi kavu kuliko vyote.

Mabenchi yalikuwa mawili, yanatazamana. Bebang na Pacing walikaa moja, Salud akakaa la pili. Waliagiza perege wa ziwani katika supu ya ukwaju, bilinganya za kuchoma, na wali.

"Kichwa cha samaki usikitoe," Pacing alimwambia Aling Candeng, kisha akanyamaza ghafla. Kichwa kilikuwa cha Ising siku zote. Alikuwa akikinyonya mpaka kibaki kama kitana, na miba anaipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, sawasawa, kama mtu anayepanga sindano.

"Kiache tu kwenye chungu," Bebang alisema polepole. "Kitaipa supu ladha."

Aling Candeng alirudi na sahani nne, vijiko vinne na bilauri nne za maji. Salud aliziona. Akasema moyoni, mama wa watu kazeeka, kahesabu vibaya. Alitaka kusukuma sahani ya nne kando, lakini Bebang alikuwa akisimulia jinsi Ising alivyomfungia msimamizi chooni siku ya mshahara, na Pacing anacheka mpaka anajipangusa macho, na Salud hakutaka kuwakatiza. Sahani ikabaki pale pale, upande wake wa kushoto.

Chungu kilikuja kinafuka moshi. Wakala. Ukwaju ulikuwa mkali, wa kukunja uso, nao ulimshusha Salud mabega. Saa tisa na dakika kumi. Alipanga: saa tisa na nusu naondoka, saa kumi kasoro niko nyumbani, nanawa, naingia chumbani kwa Luningning.

"Salud, punguza," Bebang alisema.

"Nipunguze nini?"

"Wali. Bakuli lilikuwa limejaa. Sisi huku hatujaongeza hata mara moja."

Salud alitazama bakuli. Nusu ilikuwa imekwisha. Sahani yake mwenyewe ilikuwa na wali ule ule aliopakua mwanzo.

"Mwacheni ale," Pacing akasema. "Huzuni ina njaa yake."

Benchi la Salud likalia. Lilikuwa benchi refu la mianzi, na mianzi haijui siri: anayekaa mwisho huu, aliye mwisho ule anamsikia. Lililia upande wa kushoto, likatulia. Salud hakugeuka. Alishika kijiko akitazama maji ya ziwa yanavyochomwa na mvua, akasema moyoni, ni baridi, mianzi hujikunyata.

"Nani kachukua kichwa?" Pacing aliuliza. Alikuwa amechovya upawa kwenye chungu, akauinua mtupu, akauchovya tena.

Bebang akafungua mdomo atanie. Hakutania. Alikuwa akitazama sahani ya nne. Salud naye akatazama, maana asingeweza kutotazama. Kichwa cha perege kilikuwa pale, kimenyonywa mpaka mfupa, cheupe. Ukingoni mwa sahani miba ilikuwa imepangwa, mmoja mmoja, sawasawa.

Chini yao maji yalipiga nguzo. Pacing alivuta rozari, akaanza Salamu Maria kwa pumzi, bila sauti.

"Salud," Bebang alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sema ni wewe. Sema unanitania. Nitacheka, naapa nitacheka."

Salud alitaka kusema ni mimi. Lakini yeye vichwa vya samaki hali, tangu utotoni, na wote watatu walijua.

Hapo Aling Candeng alikuja na bilinganya. Akaweka sahani mezani, akajipangusa mikono kwenye aproni, akatazama sakafu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi:

"Mwenzenu viatu vyake kaviacha wapi? Mianzi ya darajani ina vibanzi, atajichoma."

Wakatazama sakafu. Ndani ya kibanda palikuwa pakavu isipokuwa nyayo walizoingia nazo. Palikuwa na soli pana za Bebang, soli nyembamba za Pacing, soli za Salud zenye kisigino kilicholika. Na kando ya za Salud, bega kwa bega tangu mlangoni mpaka mezani, palikuwa na nyayo za miguu mitupu. Miguu midogo. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimepinda nje, kama cha mtu aliyewahi kuangukiwa na gunia la nazi.

Pacing aliacha kusali.

"Wewe umemwona?" Bebang alimwuliza Aling Candeng.

"Mimi nimeona wanne wanavuka daraja langu. Sikutazama nyuso. Kwenye kazi hii ukitazama sana nyuso utafunga mkahawa." Akavuta kigoda, akakaa mlangoni mwa kibanda. "Sikilizeni, wanangu. Msiinuke kwa fujo. Wanaofuata watu kutoka msibani nawajua. Huja, hukaa kidogo, hutazama ziwa, wenzao wakiondoka wao hubaki, na mpaka jioni wamesharudi kwao. Hawagusi chakula. Miaka yote niliyokaa hapa sijaona anayefuata tu akala." Aliinua kidevu kuonyesha miba. "Huyu kala. Kala kwa adabu, kaketi mahali pake. Huyu hakufuata. Huyu kaalikwa."

"Nani amwalike maiti?" Pacing akasema.

"Ndilo ninalouliza. Nani kamwalika?"

Mvua ilinyesha. Bebang akamtazama Pacing, Pacing akamtazama Bebang, kisha wote wawili wakatazama chungu. Salud alitazama mikono yake.

"Mgeni wa mtu hakung'utwi," Aling Candeng aliendelea. "Wewe ukimwalika mtu kula, akishashiba utamwacha njiani? Utamsindikiza. Basi na huyu ni hivyo hivyo. Aliyemwalika amrudishe kwake, akae naye pale pembeni mpaka siku ya kuzikwa, asitie mguu nyumbani mwake kabla ya hapo. Akifanya hivyo, mambo yamekwisha, hakuna ubaya. Akinyamaza akaenda zake, mgeni atamfuata mlangoni mpaka ndani. Si kwa hasira. Mgeni hana pengine pa kwenda."

Ising alikuwa azikwe Jumapili. Salud alihesabu: leo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Alimwona Luningning amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya tumbo. Alimwona yule mjomba na pole yake. Akajiambia, pengine huyu mama anakisia tu. Pengine Bebang naye alisema. Bebang husema lolote, kwa yeyote. Pengine nikinyamaza atamfuata yeye.

Akaona haya hata kuwaza.

Simu yake ikalia mkobani. Alikuwa Rodel.

"Mama, chupa imepasuka," Rodel alisema. Nyuma yake alisikika Luningning akipumua kwa nguvu. "Mkunga yuko njiani. Anakuita, mama. Kila uchungu ukija anaita jina lako. Uko wapi?"

"Ziwani. Nakuja," Salud alisema.

"Umeshajikung'uta?"

"Nakuja," alisema tena, akainuka.

Benchi likalia mara mbili. Mara ya kwanza upande wake. Mara ya pili upande wa kushoto, polepole, kama mtu mzima anayeinuka akishika magoti. Ising hakuwahi kuinuka mezani kabla ya Salud, wala kuchelewa nyuma yake.

Bebang aliona uso wa Salud. "Mtoto?"

"Mtoto."

"Basi nenda, nenda mwanamke, unangoja nini?" Bebang akaanza kusukuma sahani mbele, anaweka mkoba begani. "Aling Candeng, ni mimi. Lazima ni mimi. Huu mdomo wangu tangu asubuhi unaongea naye pale, nimemwambia njoo, nimemwambia keti, sikumbuki hata nimemwambia nini. Mimi nakaa peke yangu, sina mtoto wala mjukuu wa kudhurika. Nitarudi naye nilale pale kwenye kiti mpaka Jumapili. Kwanza anakoroma kuliko mimi, tutapatana."

"Wewe una hakika?" Aling Candeng alimwuliza.

"Sina. Lakini mwenye mjukuu anayekuja ni huyu."

Aling Candeng hakumtazama Bebang. Alikuwa akitazama sakafu. Salud alipiga hatua moja kuelekea darajani, na kando ya kiatu chake, kwenye mianzi mikavu, unyayo ukajichora taratibu: kisigino kwanza, kisha kidole gumba kilichopinda. Alipiga hatua ya pili. Unyayo wa pili ukajichora. Alisimama. Hakuna kilichojichora tena. Alisikia baridi kwenye kiwiko chake cha kushoto, mahali ambapo Ising alizoea kumshika wakivuka barabara, miaka yote ile, wakitoka kazini na unga wa nazi nyweleni mwao.

Hakuogopa kama alivyodhani ataogopa. Kilichomkata maini ni kwamba mkono ule ulimwamini.

"Mama?" Rodel aliita ndani ya simu. "Mama, mbona kimya? Luningning anauliza utafika saa ngapi."

Nyuma yake Bebang alikuwa ameshafungua mwavuli, anamwita Ising kwa jina, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto atoke kwenye maji. Haya njoo, twende zetu, nimekuja kukuchukua. Pembeni ya kiatu cha Salud unyayo haukusogea.

"Nitauliza mara ya mwisho," Aling Candeng alisema, "maana mtu akishavuka daraja langu mimi sina la kumsaidia. Nani kamwalika?"

Salud alitazama nchi kavu, njia inayokwenda kushoto kuelekea kwake, na ile inayokwenda kulia kuelekea kwa Ising. Alileta simu karibu na mdomo, ili na Rodel asikie, naye Salud asihitaji kusema mara mbili.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia, haya mare, twende tukale."